Sura ya Sita: Tarakimu Tisa za Mwenzako

Wafanyabiashara wengi wa Tanzania huanza kuitafuta TIN ya muuzaji siku ile mhasibu anapoiulizia. Mzigo umeshafika, fedha zimeshatoka, muuzaji hapokei tena simu kama alivyokuwa akizipokea wakati wa kupatana bei, na ritani ya VAT, kodi ya ongezeko la thamani, inatakiwa ifikapo tarehe 20. Hapo ndipo mtu anagundua kwamba ankara aliyopewa haina namba yoyote, au ina namba ya kampuni ambayo hajawahi kuisikia. Sura hii inahusu kuitafuta namba hiyo mapema, fedha zikiwa bado mkononi mwako na muuzaji akiwa bado anakuhitaji. Ukishalipa, unachofanya ni kumwomba akuhurumie.

TIN ni namba ya utambulisho wa mlipakodi, nayo hutolewa na Mamlaka ya Mapato Tanzania, TRA. Ina tarakimu tisa, na mara nyingi huandikwa kwa mafungu matatu ya tarakimu tatu tatu. Hutolewa bure, na anayeanza biashara anatakiwa kuiomba ndani ya siku 15. Mtanzania huiomba kwa namba yake ya kitambulisho cha taifa kutoka NIDA, ile ya tarakimu 20, na alama zake za vidole. Kwa hiyo nyuma ya kila TIN kuna mtu au taasisi inayojulikana, na huo ndio umuhimu wake kwako wewe unayetaka kununua, kupanga fremu au kuingia mkataba. Jina la dukani linaweza kubadilishwa kwa kopo la rangi, na laini ya simu inaweza kutupwa. TIN hubaki na mwenyewe.

Tatizo la kwanza ni kwamba biashara moja huwa na namba nyingi, na watu huzichanganya. Kuna namba ya usajili kutoka BRELA, wakala wa usajili wa biashara na leseni, iwe ni ya jina la biashara au ya kampuni. Kuna namba ya leseni ya biashara. Kuna VRN, yaani namba ya usajili wa VAT, ambayo huishia na herufi, na ambayo anayo yule tu aliyesajiliwa kwa kodi hiyo. Siku hizi kuna na Lipa Namba, ambayo imebandikwa kila kaunta hadi wateja wengine wanadhani ndiyo utambulisho rasmi wa duka. Hakuna hata moja kati ya hizo iliyo TIN. Ukimwomba muuzaji TIN akakutumia namba ya cheti cha BRELA, huenda hana nia mbaya, ameshika tu karatasi iliyo karibu. Mrudie, mwambie unataka ile ya tarakimu tisa.

Tatizo la pili ni kubwa zaidi, nalo ni la kujua TIN hiyo ni ya nani hasa. Sheria inatofautisha mtu na kampuni. Mtu anayefanya biashara peke yake, hata awe na duka la vifaa vya ujenzi Tegeta, gereji Ubungo na bajaji tatu barabarani, ana TIN moja tu. Jina lililo kwenye bango halina TIN yake. Kwenye cheti utakuta jina la mtu mwenyewe, lile lile lililoko NIDA. Usishtuke ukiona jina la Mama fulani mahali ulipotarajia jina la duka. Kampuni ni habari nyingine. Kampuni ni mtu mbele ya sheria, ina TIN yake, na TIN ya mkurugenzi haiwezi kusimama badala yake hata kama mkurugenzi ndiye mwenye hisa karibu zote. Ukisaini mkataba na kampuni halafu ukaletewa ankara yenye TIN binafsi ya mkurugenzi, umefanya biashara na watu wawili tofauti, na siku ya mgogoro kila mmoja anaweza kukuelekeza kwa mwenzake.

Zaidi ya hapo, wako Watanzania wengi wenye TIN isiyo ya biashara, waliyoichukua ili wapate leseni ya udereva au wasajili gari au pikipiki. Nayo ina tarakimu tisa vilevile. Mtu anaweza kukutajia namba halisi, yenye jina lake halisi, na bado akawa hajasajiliwa na TRA kama mfanyabiashara. Ndiyo maana nashauri uombe nakala ya cheti, usiridhike na namba iliyotumwa kwa ujumbe mfupi.

Sasa namba yenyewe inapatikana wapi? Mahali pa kwanza pa kuangalia ni karatasi ambayo wengi huikunjakunja na kuitupa kabla hawajafika kituoni: risiti ya EFD, yaani mashine ya kielektroniki ya kutoa risiti. Mashine hizi zilianza kutumika nchini mwaka 2010, zikianzia kwa waliosajiliwa kwa VAT, na leo risiti zake ziko kila mahali, kuanzia kituo cha mafuta hadi duka la dawa. Kama unataka TIN ya biashara unayoifikiria, njia nyepesi kuliko zote ni kununua kitu kidogo pale na kudai risiti.

Chukua risiti moja uisome kwa makini, maana watu huangalia jumla tu. Juu kabisa kuna mstari wa nyota na maneno yanayoonyesha kwamba hapo ndipo risiti halali inapoanzia, na chini kabisa kuna mwenzake unaoifunga. Baada ya mstari wa juu linafuata jina la mlipakodi, anwani yake na simu, kisha TIN, kisha VRN. Kama muuzaji hajasajiliwa kwa VAT, mahali pa VRN pameandikwa hivyo waziwazi. Hapo pasome mara mbili. Asiyesajiliwa kwa VAT haruhusiwi kukutoza kodi hiyo, na akikwambia bei yake “ni pamoja na VAT” anakudanganya. Chini yake kuna namba ya mashine yenyewe, ofisi ya kodi anakohudumiwa muuzaji, na sehemu ya utambulisho wa mnunuzi, ambako TIN yako wewe ndiko inakoingia. Halafu bidhaa, kila moja ikiwa na herufi ya kundi lake la kodi, ambapo A ni zile za asilimia 18. Mwishoni kuna tarehe, saa, namba ya uhakiki na ule mraba wa vidoti unaosomwa kwa kamera ya simu.

Mraba ule ndio wenye kazi. Ukiupiga kwa kamera, simu inakupeleka kwenye ukurasa wa uhakiki wa TRA, verify.tra.go.tz. Kama kamera haisomi, unaingia mwenyewe, unaandika namba ya uhakiki, kisha unaulizwa saa, dakika na sekunde zilizochapwa kwenye risiti. Zikilingana, unaletewa risiti nzima kama ilivyopokelewa na TRA: jina, TIN, bidhaa na kiasi. Linganisha na ulichoshika mkononi. Risiti ya kughushi inaweza kuchapwa vizuri, nyota zikakaa mahali pake na tarakimu tisa zikatimia, lakini kule kwenye kumbukumbu za TRA haipo. Nyingine ipo ila kiasi kimetofautiana: wewe umelipa laki nane, huko imeandikwa elfu themanini. Zoezi hili ni la dakika mbili na unaweza kulifanya umesimama kaunta. Lifanye hapo hapo kaunta, usingoje hadi ufike nyumbani.

Ukishahakiki, ipige risiti picha au itoe kopi. Karatasi ya EFD ni ya joto, haina wino, na maandishi yake hufifia. Ukiiacha kwenye dashibodi ya gari au pochi inayokaliwa kila siku, baada ya miezi kadhaa unabaki na kipande cheupe ambacho hakimsaidii mhasibu wala mkaguzi.

Kama hujanunua chochote bado, angalia ukutani. Leseni ya biashara inatakiwa kuwekwa mahali panapoonekana, na haitolewi bila TIN. Waliosajiliwa kwa VAT nao wanatakiwa kutundika cheti chao cha usajili. Katika maduka mengi utavikuta vyote nyuma ya kaunta, ndani ya fremu ya kioo, juu ya kalenda. Inua macho usome jina na namba, hakuna anayeweza kukukataza. Profoma na ankara za watu makini huwa na TIN juu au chini ya nembo, na mikataba inayoandikwa na wanasheria huitaja kwenye utambulisho wa pande mbili. Anayeagiza mzigo nje ataikuta kwenye hati za forodha, lakini awe mwangalifu, maana hati hizo zina TIN ya mwagizaji na vilevile ya wakala wa forodha aliyezijaza. Watu husoma ya wakala wakadhani wamempata mwenye mzigo.

Njia inayobaki ni kuuliza, na kuuliza kuna namna yake. Wengi wetu tunaona haya kumwomba mtu karatasi kwa kuwa inaonekana kama kumshuku. Dawa ya haya hiyo ni kulifanya ombi hilo kuwa desturi ya ofisi yako, iwe kwa mgeni au kwa rafiki: “Kaka habari za kazi. Tumepokea profoma yako, bei tumeikubali. Naomba unitumie nakala ya cheti cha TIN na leseni ya biashara, na cha VAT kama kipo, ili mhasibu aandae malipo leo.” Ujumbe wa namna hii haumtukani mtu, na unamkumbusha kuwa fedha ziko njiani. Mfanyabiashara aliyejipanga hukujibu ndani ya saa moja, kwa sababu karatasi hizo amezihifadhi kwenye simu. Anayesema “tulipe kwanza, karatasi zitafuata” ameshakueleza jambo la maana sana kuhusu yeye.

Mahali pagumu kuliko pote ni kwa mwenye nyumba. Mfanyabiashara aliyepanga fremu anatakiwa kukata asilimia 10 ya kodi ya pango na kuiwasilisha TRA ndani ya siku saba baada ya mwezi kwisha. Hiyo ndiyo kodi ya zuio. Fremu ya shilingi 500,000 kwa mwezi, ikilipiwa miezi sita kwa mkupuo kama ilivyo desturi ya mjini, ni shilingi 3,000,000, na zuio lake ni 300,000. Fedha hizo ni kodi ya mwenye nyumba, mpangaji ni mpelekaji tu. Lakini wazee wengi husema wanataka fedha zao zitimie, na TIN hawaitoi. Mpangaji anabaki njia panda: akikata anaambiwa ahame, asipokata TRA inamdai yeye.

Jambo hili linataka kuzungumzwa kabla ya kusaini, kwa heshima na kwa hesabu. “Shikamoo baba. Nitalipa miezi sita kama tulivyokubaliana. Serikali inanitaka nikate laki tatu nikupelekee TRA kwa jina lako, na hati yake nitakuletea mkononi. Naomba TIN yako ili fedha ziingie kwako, zisipotee.” Mzee akielewa kwamba kiasi hicho kinahesabiwa kuwa yeye ndiye aliyekilipa, na kwamba bila TIN yake hakuna namna ya kukihesabu kwake, mazungumzo hubadilika. Wapo watakaokataa bado. Kwa hao, andika zuio ndani ya mkataba pamoja na anayelibeba, na kama bei haivumiliki, tafuta fremu nyingine. Najua kusema hivyo ni rahisi kwa mtu ambaye hajafukuzia fremu Mtaa wa Kongo. Hata hivyo deni la TRA halifi kwa sababu mpangaji alimwogopa mwenye nyumba.

Je, TRA wenyewe hawawezi kukupa? Wengi huenda dirishani wakitaka wafunguliwe faili la mtu mwingine, wanarudi wamenuna. Sheria ya Usimamizi wa Kodi ya mwaka 2015 inawabana watumishi wa mamlaka kutunza siri za walipakodi. Hawatakwambia fulani anauza kiasi gani, anadaiwa nini au amelipa lini, na wewe mwenyewe usingependa jirani yako aambiwe habari zako. Unachoweza kuwaendea ni uhakika wa karatasi uliyonayo: risiti unayoitilia shaka, au cheti ambacho jina na namba havikai pamoja. Nenda na nakala, usiende na umbea. BRELA kwa upande wao hutunza daftari lililo wazi zaidi. Kupitia mfumo wao wa usajili kwa mtandao unaweza kuomba taarifa za kampuni na kuona kama ipo kweli, ilisajiliwa lini na wakurugenzi wake ni akina nani. Hapo ndipo unapolitoa jina kamili la kisheria, na jina hilo ndilo unalolilinganisha na cheti cha TIN.

Msimamo wangu ni huu: TIN ya kampuni inayofanya biashara na umma haistahili kufichwa. Imechapwa kwenye kila risiti inayotoka dukani kwake, sasa itafichwaje kwa mteja anayetaka kulipa milioni kumi? TIN ya mtu mmoja mmoja ni tofauti kidogo, kwa kuwa imefungwa na NIDA na alama za vidole vyake, na tangu Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ianze kutumika mwaka 2023 unatakiwa kuitunza kama taarifa ya mtu. Itumie kwa malipo uliyoiombea, ihifadhi, usiisambaze kwenye makundi ya WhatsApp. Na yako usimpe wakala wa mizigo asiyekuwa na kazi yako. Mzigo wa mtu usiyemjua ukiingizwa nchini kwa TIN yako, ni wewe utakayeulizwa uliuza wapi.

Hapo tunafika kwenye ugonjwa ambao anayeumia zaidi ni mnunuzi mdogo. Unanunua vitambaa Kariakoo, duka la ghorofa ya pili. Ukidai risiti, kijana anashuka ngazi, anarudi na risiti safi. Jina lililoko juu ni la kampuni nyingine, TIN ya kampuni nyingine, na pengine bidhaa iliyoandikwa ni mabati. Umelipa 1,180,000 na ndani yake kuna VAT ya 180,000 unayotarajia kuirudisha kwenye ritani yako. Mkaguzi akikaa mezani ataona kuwa fedha zilikwenda kwa mtu mmoja na risiti imetoka kwa mwingine. Ile 180,000 itakataliwa, na huenda ukadaiwa na riba juu yake. Aliyekuuzia atakuwa ameshasahau sura yako.

Nayaelewa malalamiko ya wafanyabiashara wa Kariakoo. Walifunga maduka Mei 2023, Waziri Mkuu wa wakati huo, Kassim Majaliwa, akaenda kuwasikiliza, na Juni 2024 wakafunga tena. Ndani ya malalamiko yao yamo mambo ya kweli kuhusu ukaguzi wa barabarani na ukubwa wa kodi. Lakini risiti ya kuazima haimdhuru afisa wa kodi. Inamdhuru mama aliyetoka Singida na mtaji wa kikundi, akarudi nyumbani na karatasi isiyomtetea.

Njia ya kujilinda ni kuoanisha majina matatu: jina lililoko kwenye ankara, jina lililoko kwenye cheti cha TIN, na jina linalopokea fedha. La tatu limekuwa rahisi kulijua. Ukilipa kwa Lipa Namba au ukihamisha kwa benki, simu hukuonyesha jina la mpokeaji kabla hujaweka namba ya siri. Hapo simama usome. Kama ankara ni ya kampuni na jina linalotokea ni la mtu binafsi, uliza sababu kabla ya kubonyeza. Sababu njema zipo, kama yule mwenye jina la biashara ambaye akaunti yake ni ya jina lake mwenyewe, na cheti chake kitathibitisha. Sababu mbaya hukosa cheti.

Visiwani mambo yana sura yake. Zanzibar ina Mamlaka ya Mapato Zanzibar, ZRA, iliyochukua nafasi ya ZRB mwaka 2022, yenye usajili wake na mfumo wake wa risiti za kielektroniki, huku TRA nayo ikiwa na ofisi huko kwa kodi za Muungano kama kodi ya mapato na forodha. Ukinunua Darajani, uliza namba iliyo kwenye risiti ni ya mamlaka ipi, kisha umwachie mhasibu wako aamue inaingiaje kwenye vitabu. Ukivuka Namanga au Horohoro, utakutana na PIN ya KRA, mamlaka ya mapato ya Kenya. Hiyo ina alama 11: herufi mwanzoni, tarakimu tisa, na herufi mwishoni. Ya mtu binafsi huanza na A, ya kampuni huanza na P, kwa hiyo herufi ya kwanza tu inakwambia unashughulika na nani. Wakenya wamerahisisha jambo moja ambalo natamani kuliona likizoeleka kila mahali Afrika Mashariki: kwenye iTax, mfumo wao wa kodi wa mtandaoni, yeyote anaweza kuandika PIN aliyopewa akaona jina la mwenyewe na kama PIN hiyo bado iko hai. Na tangu Januari 2024, gharama isiyo na ankara ya eTIMS, mfumo wao wa ankara za kielektroniki, haikubaliki kupunguzwa kwenye hesabu za kodi ya mapato huko, kwa hiyo mnunuzi wa Kenya atakudai karatasi hata kama wewe hukuzoea kudai.

Mwisho kuna wale ambao hawana namba, na kutokuwa nayo si kosa la kuwafanya tuwakimbie. Machinga aliyekatiwa kile kitambulisho cha mjasiriamali cha shilingi 20,000, kilichoanza kutolewa Desemba 2018 kwa wenye mauzo yasiyozidi milioni nne kwa mwaka, au mkulima anayekuletea magunia ya mpunga kwa baiskeli, hawezi kukupa alichonacho muuzaji wa jumla. Nunua kwake, andika hati ya malipo yenye jina lake, namba yake ya NIDA akikubali, kiasi na saini, na mweleze mhasibu mapema. Ikiwa biashara yenu inakua na anakuletea kila wiki, msaidie aende TRA akaombe TIN. Haina malipo, na vishoka wanaosimama nje wakidai fedha ya kuiharakisha hawana haki ya hata shilingi moja.

Kabla hujafungua sura inayofuata, toa jalada la manunuzi ya miezi mitatu iliyopita. Tafuta wale watano unaowalipa fedha nyingi kuliko wengine, mwenye nyumba akiwa mmojawapo, na uone una vyeti vya wangapi. Ambao huna, waandikie leo, kabla ya malipo yajayo.